Mtaa Uliojengwa kwa Hati

Matatu nambari 111 hutoka katikati ya Nairobi na kushika Barabara ya Ngong hadi mji wa Ngong wenyewe. Ikipita Adams Arcade, upande wa kushoto, nyuma ya soko la Toi, ndiko yanakoanzia mabati ya Kibra. Ikiacha Dagoretti Corner na uwanja wa mbio za farasi, msitu unaikaribia barabara, hewa inapoa, na nyumba zinatoweka machoni. Kinachobaki ni ua wa michongoma, lango, ua wa michongoma, lango. Wengi wanaoshuka hapa asubuhi hawarudi kwao, wanaingia kazini: wapishi, walinzi, yaya, watunza bustani, mafundi wa bomba. Hapa ndipo Karen.

Baina ya mabati yale na michongoma hii ni mwendo wa kilomita kumi hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, ambayo eneo lake ni kilomita za mraba 12 tu. Ni zaidi ya watu 15,000 katika kila kilomita ya mraba. Kaunti ndogo ya Lang'ata, ambamo Karen imo, ilikuwa na watu 197,489. Idadi zinakaribiana sana, ila hawa wa Lang'ata wana kilomita za mraba zaidi ya 216. Ni haki kukumbusha kwamba zaidi ya nusu ya eneo hilo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya simba na vifaru, na kwamba wengi wa wakazi wa Lang'ata wanaishi kwenye fleti na mitaa ya watu wa kipato cha kati. Ukishaondoa mbuga na mitaa hiyo, Karen inabaki na watu wachache mno kwa ardhi iliyoikalia.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa neno moja: pesa. Lakini pesa ilifika mwisho. Karen na Kibra zilianza katika miaka ileile, kando ya barabara moja, kwa ukubwa usiopishana sana, chini ya serikali moja. Zilitengana kwenye karatasi. Huku ilitolewa hati, kule ikatolewa ruhusa. Na hati ile ilizaa masharti ambayo bado yako kazini, yanaamua kila jioni nani atalala wapi.

Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, mahali Wamaasai walipopaita Enkare Nairobi, maji baridi. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai kwenye sehemu kubwa ya malisho yao ya Bonde la Ufa, na Wakikuyu wa upande wa Dagoretti wakaona mipaka ya walowezi ikiwasogelea mwaka hadi mwaka. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ikampa mlowezi nafasi ya kukodi ardhi ya kilimo kwa miaka 999. Miaka sita baadaye, 1921, mahakama iliitafsiri sheria hiyo kwa maana kwamba Mwafrika kwenye ardhi ya mababu zake ni mpangaji wa serikali, anayekaa kwa hisani yake. Mmoja miaka 999, mwingine hisani. Mengine yote ninayoeleza hapa yametoka humo.

Karen Blixen, Mdenmark, alifika Kenya 1914. Kampuni ya kahawa iliyoundwa kwa mtaji wa jamaa zake, Karen Coffee Company, ilikuja kumiliki ekari zipatazo 6,000 chini ya vilima vya Ngong, na yeye akahamia nyumba ya mawe iliyojengwa 1912, ambayo jina lake la Mbogani bado linasikika kwenye Barabara ya Bogani. Wengi husema mtaa umepewa jina lake. Wapo wanaosema kampuni iliitwa hivyo kwa heshima ya binamu yake, binti wa mjomba aliyeiongoza. Ubishi huo hauna tija. Linalohusu mtaa ni ekari 6,000 na hati iliyozifunga.

Upande wa pili wa msitu, askari wa Kinubi waliomtumikia Mwingereza katika King's African Rifles walionyeshwa mahali pa kukaa na familia zao. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi zaidi ya ekari 4,000 kuwa eneo la jeshi. Wanubi walipaita Kibra, msitu kwa lugha yao. Kibera ni tamko lililokuja baadaye. Hawa walikuwa wamepigana vita vya himaya, na walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ardhi ile ni malipo ya jasho lao. Walipewa ruhusa ya kujenga na kulima. Hati hawakupata.

Kuna kundi la tatu, na hili husahauliwa. Kati ya zile ekari 6,000, kama 600 zilipandwa kahawa, na kiasi cha 1,000 zilikuwa mashamba ya maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliokuwa na vibanda vyao, mahindi yao na mbuzi wao ndani ya ardhi iliyoandikwa jina la kampuni. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Wazazi wa wengi wao walikuwa wameishi hapohapo kabla kampuni haijasajiliwa.

Kahawa haikukubali. Mahali pale pako juu mno na pana baridi, mvua ilikosekana mara kwa mara, bei ikaanguka. Mwaka 1931 kampuni iliuza. Mnunuzi hakutaka kahawa, alitaka viwanja. Maskwota walipoambiwa waondoke, waliomba jambo moja: wasitawanywe, wahamishwe pamoja. Blixen, ambaye hakuwa na mamlaka tena, alizunguka ofisi za serikali akiwaombea, na mwisho walipewa sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Nina mengi ya kumlaumu kwayo mwanamke huyo na tabaka lake, lakini tukio hili linanigusa kila ninapolifikiria. Katika historia yote ya mtaa huu ninayoijua, hiyo ndiyo mara pekee ambapo mtu aliingia ofisini kuulizia ardhi kwa ajili ya watu walioufanyia mtaa kazi.

Shamba likakatwa viwanja vya ekari 20. Tusimame hapo kidogo, kwa sababu ufundi wote wa mtaa wa kitajiri umo kwenye tarakimu hiyo. Karani wa reli au fundi seremala hazuiwi na bei peke yake. Hata angebana matumizi miaka kumi akapata pesa za robo ekari, robo ekari haikatwi wala haiuzwi. Ukubwa wa chini wa kiwanja ni ukuta usiohitaji mawe. Haumtaji mtu kwa kabila wala rangi, hauhitaji askari, na hauzeeki.

Miaka ile, hata hivyo, rangi nayo ilitajwa. Mwaka 1913 daktari aliyeletwa kuchunguza afya ya miji, Profesa Simpson, alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe. Serikali ya London iliachana na utengano wa mitaa kwa tamko la 1923, lakini hati nyingi za uzunguni Nairobi ziliendelea kubeba sharti la kumkataza asiye Mzungu kuishi humo, ila akiwa mtumishi. Ndani ya hali hiyo Karen ikajipanga. Klabu ya gofu ilianzishwa 1937 kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa. Chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata, ambacho wengi hukiita Karengata, kiliundwa 1940. Kwa muda mrefu mtaa ulikuwa nje ya mji. Uliingizwa ndani 1963, mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa hadi karibu kilomita za mraba 700.

Uhuru uliifuta rangi. Ekari haukuzigusa. Mawaziri, makatibu wakuu, majenerali na wafanyabiashara Waafrika na Waasia walinunua kutoka kwa Wazungu waliokuwa wakiondoka, na kila mmoja alipokea hati pamoja na masharti yake yaleyale ya ukubwa na matumizi. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Mbogani na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, na 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Hollywood kuipa umaarufu, ikafunguliwa kama makumbusho. Leo makazi rasmi ya naibu wa rais yako Karen, na viongozi wa serikali na wa upinzani wamekuwa majirani humo miaka mingi.

Kule Kibra ruhusa ilifanya kazi yake ya ruhusa, yaani ilipungua. Baada ya uhuru ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya serikali, na serikali ikaimega kipande kwa kipande kwa ajili ya mitaa ya Jamhuri, Ngei, Otiende na mingineyo. Waliofika kutoka mashambani kutafuta kazi walikodi chumba cha udongo na mabati, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kiwanja iliyowazuia, na wala hapakuwa na iliyowalinda. Wanubi walidai ardhi yao kwa vizazi vitatu. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya jamii ya ekari 288. Kutoka zaidi ya 4,000, zimebaki 288. Zile 6,000 za jirani zimeuzwa, zimerithiwa, zimegawanywa mara nyingi, na katika kila hatua mwenye hati amelipwa.

Msomaji wa Dar es Salaam ataitambua hadithi hii akikumbuka Oysterbay, palipopangwa wakati wa Mwingereza kwa maofisa wa Kizungu, bustani kubwa upande wa upepo wa bahari. Tanzania ilikwenda mbali kuliko Kenya: 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulibadilishwa kuwa wa kukodi kutoka serikalini, na 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Bado Oysterbay ni Oysterbay. Mmiliki alibadilika, ramani ya viwanja ikabaki ileile, na ramani ikawavuta tena watu wenye uwezo wa viwanja vya namna ile. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba tatizo limekaa zaidi kwenye ukubwa wa kiwanja kuliko kwenye jina lililoandikwa juu ya hati.

Turudi Karen ya leo. Viwanja vya ekari 20 vimekatwa vikawa vya tano, vya mbili, na sasa matangazo kando ya barabara yanauza nusu ekari ndani ya mtaa wenye lango moja na mlinzi mmoja. Michongoma inang'olewa na ukuta wa mawe unapanda mahali pake, juu yake nyaya za umeme. Ekari moja inauzwa kwa zaidi ya shilingi milioni 50. Maduka makubwa yamefika, hospitali imefika, barabara ya mchepuko ya kusini imekatiza msitu na kuifanya safari ya uwanja wa ndege kuwa fupi. Maji taka, hata hivyo, bado yanakwenda kwenye shimo la kila nyumba, na lori la kuyafyonza huitwa likijaa, kwa maana sehemu kubwa ya mtaa haina bomba la maji taka. Maji safi ya jiji huja kwa mgao, kwa hiyo wenye uwezo wamechimba visima, na kila mwaka wachimbaji wanalazimika kushuka chini zaidi.

Wanaotetea viwanja vikubwa huanzia hapo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Bila bomba, wanasema, ukiweka fleti ya familia 40 kwenye ekari moja utayaingiza maji taka kwenye visima vya watu wote. Na miti? Sehemu hii ya jiji bado ina kivuli, udongo unaokunywa mvua, na ndege. Kisha watakuelekeza Kilimani na Kileleshwa, mitaa iliyokuwa ya nyumba moja moja za bustani, ambayo tangu miaka ya 2000 imejazwa maghorofa huku mabomba yakibaki yaleyale, na matokeo yake mtu anayapata kwa pua kabla ya kuyaona. Nimetembea Kilimani ya zamani na ya sasa. Hofu yao ina msingi.

Tena jiji lenyewe halikuwapa sababu ya kuliamini. Baraza la Jiji liliharibika kiasi cha kuvunjwa 1983 na kuwekewa tume kwa karibu miaka kumi. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Karen na Lang'ata, waliokuwa wakilipa kodi ya ardhi na kuona mashimo barabarani, walikwenda mahakamani wakitaka pesa zao ziwekwe kando badala ya kumezwa na baraza lisilotoa huduma. Kesi ile ilifungua macho ya vyama vya wakazi nchini kote, kwa sababu raia wa mjini walikuwa wameuliza kwa sauti: kodi yangu imefanya nini?

Lakini swali hilo lina upande wa pili. Kodi yenyewe ilikuwa kiasi gani? Nairobi hutoza kodi hiyo kwa thamani ya ardhi tupu; jumba lililo juu yake halihesabiwi. Na kwa karibu miaka 40 jiji liliendelea kutumia daftari la thamani lililotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maana yake ni kwamba ardhi iliyopanda bei mara nyingi kiasi cha kutisha ilikuwa inatozwa kana kwamba bei haijasogea tangu wenye wajukuu wa leo walipokuwa shuleni. Kila pendekezo la thamani mpya lilizua upinzani mkali. Jiji lililokosa pesa za bomba la maji taka lilikuwa, wakati huohuo, limeacha kuwatoza wenye ardhi ya thamani kubwa sehemu yao ya haki.

Hapo ndipo hoja ya bomba inapojizunguka. Nyumba ziwe chache kwa kuwa hakuna bomba. Bomba lisijengwe kwa kuwa nyumba ni chache na gharama kwa kila nyumba ni kubwa. Kodi isipandishwe kwa kuwa hakuna huduma. Huduma isije kwa kuwa hakuna kodi. Mduara huu umemhifadhi mwenye kiwanja kwa miaka 60, na kila anayesimama ndani yake anaweza kusema kweli tupu kuhusu hatua yake mwenyewe.

Siasa ingeweza kuukata. Hadi 2013 Karen na Kibra zilikuwa katika jimbo moja la uchaguzi, Lang'ata, na tangu 1992 mbunge wao alikuwa mmoja, Raila Odinga. Mwenye lango na mpangaji wa chumba cha mabati walipiga foleni ya kura ileile. Mbunge wa namna hiyo alilazimika kuwa na watu wote wawili akilini. Mipaka mipya ilipochorwa, Kibra ikapewa jimbo lake. Wakazi wake walilipokea kwa furaha, na walikuwa na haki, kwa kuwa walipata fedha za jimbo zao wenyewe. Ila tangu siku ile hakuna mbunge anayelazimika kufikiria barabara yote, kuanzia mabati hadi michongoma.

Mimi sitaki Karen ikatwe miti na kujazwa maghorofa. Anayesema ama bustani ama fleti ametupa chaguo la uongo. Ardhi iliyo kando ya Barabara ya Ngong, ya Lang'ata, na kuzunguka maduka ya Karen, inapopita matatu na inapoweza kupita bomba kuu, inafaa nyumba za ghorofa tatu au nne za kukodi, kwa bei anayoimudu muuguzi, mwalimu na mpishi. Mitaa ya ndani ya Mukoma na Bogani inaweza kubaki na miti yake. Kodi itozwe kwa thamani ya sasa, na iwekwe wazi ilikokwenda, kama wakazi walivyodai mahakamani. Hapo walikuwa sahihi na wataendelea kuwa sahihi. Chama cha wakazi kinachojua kusoma ramani, kuajiri mawakili na kupinga ghorofa lisilo na kibali kina ujuzi wote wa kudai nyumba za wafanyakazi. Hakijakosa uwezo wa kulidai jambo hilo.

Nyumba hizo zina waombaji tayari. Ndani ya Karen penyewe kuna Kuwinda, kijiji cha mabati kilichobanwa katikati ya mashamba makubwa, ambako chumba kimoja ni cha kulala, kupikia na kuwekea baiskeli. Wanaoishi pale wanahesabiwa kuwa wenye bahati, kwa sababu wanakwenda kazini kwa miguu. Wengine wanatoka Kibra, Kawangware, Ngong na Rongai, na nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu ya mshahara kabla haujafika nyumbani. Simama kando ya barabara ya ndani saa kumi na mbili jioni utawaona wakitoka malangoni mmoja mmoja, wamebadilisha sare, viatu vya kazi vimo mkobani. Njia ya miguu hakuna katika barabara nyingi. Gari likija wanasogea kwenye majani na kugusa michongoma kwa bega, kisha wanarudi barabarani.

Maskwota wa 1931 walikuwa na ng'ombe na mbuzi, na walichoomba ni mahali ambapo wangeendelea kuwa majirani. Ombi lao lilipelekwa ofisini, likajibiwa kwa kipande cha msitu. Hawa wa leo hawajaulizwa wanataka kukaa wapi.